Kemikali Hii Ina Kazi Gani?

Wanaotengeneza sabuni ya maji mtaani huongeza formalini kidogo mwishoni ili sabuni isiharibike ikikaa dukani. Formalini ni formaldehaidi iliyoyeyushwa katika maji. Formaldehaidi hiyohiyo hutumika kuunda gundi ya plaiwudi, na mochwari huitumia kuhifadhi maiti. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Hata hivyo, haimfikii kila mtu kwa kiasi kilekile. Anayeosha vyombo huigusa ikiwa imezimuliwa kwa maji mengi, kisha hunawa. Anayelala penye kabati jipya la plaiwudi huivuta usiku kucha, madirisha yakiwa yamefungwa. Mtengeneza sabuni anayeimimina kutoka kwenye dumu, bila glavu, hukutana nayo ikiwa kali kuliko wote hao, kwani formalini isiyozimuliwa huwa na formaldehaidi kama asilimia 37. Kwa hiyo ukali wa sumu peke yake hautoshi kueleza hatari. Lazima tujue kemikali inafanya kazi gani ndani ya bidhaa, kwa sababu kazi ndiyo inayoamua inatiwa kiasi gani na itaingia mwilini kwa njia ipi.

Formalini angalau kazi zake zinajulikana. Orodha ya Marekani iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 1976 ina kemikali zaidi ya 80,000, na takriban nusu yake bado zinatumika kibiashara. Kwa nyingi kati ya hizo, taarifa zilizo wazi kwa umma kuhusu matumizi ni haba mno, na kuzipima zote maabara kungechukua vizazi.

Hapo ndipo utabiri unapohitajika. Umbo la molekuli hudokeza kazi yake. Yenye mkia mrefu unaopenda mafuta na kichwa kinachopenda maji hufaa kwa sabuni. Ndogo inayoruka hewani kwa urahisi huenda ikawa ya manukato. Mwaka 2017 watafiti wa Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, walichapisha modeli za kompyuta zilizofunzwa kwa kemikali ambazo kazi zake zinajulikana. Ukizipa umbo la kemikali ngeni, hukadiria uwezekano wa kuwa kihifadhi, rangi, au kilainisha plastiki. Kadirio hilo huingizwa katika hesabu ya kiasi kinachoweza kumfikia mtu, na zile zinazotia shaka zaidi hutangulizwa maabara. Modeli hupanga foleni tu, haihukumu.

Njia hiyo pia husaidia kutafuta mbadala wa kemikali hatari, na hapa tahadhari inahitajika sana. Umoja wa Ulaya ulipobana kemikali iitwayo bisfenoli A katika karatasi za risiti kuanzia Januari 2020, watengenezaji wengi walikuwa wamehamia bisfenoli S. Molekuli hizi zinafanana, ndiyo sababu bisfenoli S iliweza kushika kazi ya bisfenoli A. Lakini tafiti za maabara zimeonyesha kuwa S nayo, kama A, huweza kuiga homoni ya estrojeni. Ufanano uleule unaoifanya ifae kwa kazi unaweza kubeba madhara yaleyale.

Kinachonisumbua zaidi ni mahali modeli hizi zinapojifunzia: orodha za viambato vya bidhaa zenye lebo, nyingi zikiwa za Marekani na Ulaya. Sabuni iliyokorogwa kwenye pipa, ikauzwa katika chupa iliyokuwa na maji ya kunywa, haimo humo. Anayeikoroga hana kipimo zaidi ya kizibo cha chupa, na mnunuzi hana pa kusoma. Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, yangeweza kuanza na vikundi vinavyotengeneza sabuni hizi: kuandika kilichotiwa, kwa kipimo gani, na aliyeimimina formalini alisimama wapi, mlango ukiwa wazi au umefungwa.