Likizo ya Mlimani Pamoja na Watoto

Tangu tuliporudi kutoka Kilimanjaro mwanzoni mwa Julai 2025, wazazi wengi wamenisimamisha njiani, hapa Muleba na hata sokoni Bukoba, na kuniuliza: "Mwalimu, mliwezaje na watoto wadogo? Fedha zilitosha? Na je, mlifika kileleni?" Nimeona si vibaya nijibu maswali hayo yote pamoja katika gazeti letu, ili mzazi atakayetaka kuwapeleka watoto wake asianze gizani kama tulivyoanza sisi.

Swali la mwisho nalijibu sasa hivi. Hapana, hatukufika kileleni. Hata kituo cha kwanza cha kulala hatukukiona. Hata hivyo nasema safari ilikuwa njema, na sababu yake nitaieleza.

Jambo lilianza na kijana wetu wa kwanza, mwenye miaka 14. Alisoma katika kitabu cha historia habari za Alexander Nyirenda, mwanajeshi aliyepeleka bendera na Mwenge wa Uhuru juu ya Kilimanjaro wakati nchi ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Tangu siku hiyo hakutupa nafasi. Kila jioni ilikuwa Kilimanjaro. Mimi nami, kwa kuwa nafundisha Jiografia na mlima huo nilikuwa nimeuona katika ramani tu, nikaahidi upesi kuliko ilivyofaa.

Kisha tulikaa mezani na daftari, mimi na mama yao, ndipo tukaona ugumu. Watoto wetu ni watatu: wa miaka 14, wa miaka 11, na kitindamimba wa miaka 7. Sheria ya hifadhi haimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 10 kupanda kwenda kileleni. Nikasema basi, mdogo abaki kwa bibi yake. Mama yao akanijibu, "Likizo ya watu watano haiwi likizo ikiwa mmoja analia nyumbani." Sikuwa na jibu. Tukakubaliana kwamba safari yote tutaipima kwa miguu ya yule mdogo: atakapoweza kufika yeye, ndipo tutakapofika sote. Kijana alinuna siku mbili.

Yafaa hapa nieleze kwa nini sheria hiyo ipo, maana wengi hudhani ni ukali wa wakubwa tu. Sisi tukaao kando ya Ziwa Victoria tuko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Njia ya Marangu, ambayo ndiyo tuliyoichagua, ina vituo vitatu vya kulala: Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, Horombo, mita 3,700 hivi, na Kibo, mita 4,700 hivi. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kadiri mtu apandavyo, hewa huwa nyepesi. Si kwamba oksijeni imeondolewa katika hewa. Sehemu yake ni ile ile, ila hewa yenyewe imepungua, hivyo kila pumzi huleta kidogo. Kileleni pumzi moja huleta karibu nusu tu ya ile ya pwani. Mwili huweza kuzoea, lakini hutaka siku kadhaa.

Asiyepewa muda wa kuzoea huumwa kichwa, hupata kichefuchefu, hukataa chakula na kukosa usingizi. Aghalabu mambo hayo huanza mtu apitapo mita 2,500. Dawa yake ya kwanza ni kushuka. Mtu mzima atasema, "Naumwa." Mtoto mdogo atanyamaza, au atalia tu, nawe utadhani ni deko. Hapo ndipo hatari ilipo. Kwa hiyo tuliamua kutolala mlimani kabisa. Tungelala Marangu, tupande asubuhi kupitia msituni kuelekea Mandara, na jioni tuwe tumerudi. Wengi hufanya hivyo, nayo ni safari halali ya siku moja, kwa kibali na pamoja na kiongozi wa mlima.

Sasa nitaeleza tulivyojitayarisha.

Kwanza, majira. Shule zetu hufunga Juni na Desemba. Kilimanjaro masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na vuli huangukia Novemba na Desemba. Kwa hiyo Juni ni mwezi wa baridi, lakini njia huwa kavu zaidi. Tena hatukusahau yaliyotokea Katesh, chini ya Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa ilipoleta maporomoko ya matope yaliyoua watu zaidi ya 80. Tukachagua Juni.

Pili, fedha. Tuliweka akiba kwa muda wa miezi 18, kidogo kutoka mshahara na kidogo kutoka kahawa. Fedha hizo tuliziandika katika mafungu manne: nauli, chakula na malazi, ada ya hifadhi pamoja na malipo ya kiongozi, na fungu la dharura lisiloguswa. Ada kwa Watanzania ni ndogo kuliko ya wageni wa nje, na ya watoto ni ndogo zaidi, lakini hubadilika. Kwa hiyo uliza hifadhini kabla ya kuondoka. Wazazi wachukue vitambulisho vya taifa, na kwa watoto vyeti vya kuzaliwa.

Tatu, miguu. Kwa miezi mitatu kila Jumamosi tulitembea katika vilima vya Kamachumu, kwanza saa moja, kisha mbili, hata tukafika nne. Watoto walivaa viatu vile vile watakavyopandia mlima, maana kiatu kipya ni adui. Hapo tulijifunza jambo moja kubwa: kitindamimba huweza kutembea muda mrefu akipumzishwa kila nusu saa na kupewa kitu cha kutafuna, lakini akiharakishwa huisha nguvu mara moja.

Nne, mavazi. Joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Basi, kutoka ziwani hadi Mandara tofauti ni karibu nyuzi 9 au 10. Kila mtoto alikuwa na sweta, koti la mvua, kofia, na soksi za kubadili. Chakula kilikuwa mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu na viazi vitamu. Bibi yao alitutilia senene wa kukaanga aliokuwa amewahifadhi tangu msimu wao, nao walituokoa njiani zaidi ya mara moja.

Tano, njia ya kwenda. Kijana alitaka twende Mwanza kwa meli. Mama yangu mzazi hakutaka kulisikia jambo hilo. Nyumba nyingi za kwetu zilipoteza mtu katika MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na yetu ni mojawapo. Sikubishana naye. Tulipanda basi, tukapita Geita na kuvuka Daraja la J.P. Magufuli kati ya Busisi na Kigongo, ambalo lilikuwa limefunguliwa siku chache tu kabla, tarehe 19 Juni 2025. Lina urefu wa kilomita 3 hivi, na watoto walijaribu kuhesabu nguzo zake wakashindwa. Tukalala Mwanza. Kesho yake tukaendelea kwa Shinyanga, Nzega na Singida, ambako tulilala tena. Kisha Katesh, Babati, Arusha, na hatimaye Moshi. Safari hiyo yaweza kufanywa kwa siku chache zaidi, lakini si kwa watoto.

Tulipofika Marangu watoto walishangaa. Migomba kila upande, na chini yake mibuni, kama kwetu! Kitindamimba aliuliza kama tumerudi nyumbani kwa njia nyingine. Tulipumzika hapo siku nzima, ili miili izoee baridi.

Siku ya mlima tulikuwa langoni saa 2 asubuhi. Usiku uliotangulia tulikuwa tumeandika katika daftari sharti moja, na kila mtu akatia sahihi, hata mdogo: ikifika saa 7 mchana, popote tulipo, tunageuka. Kiongozi wetu alilisoma akacheka kwa furaha, akasema wageni wengi huweka sharti la namna hiyo wakiwa wamekwisha choka, wala si kabla.

Njia hupita katika msitu mnene. Miti imefunikwa kuvu ndevu na kuvumwani, maji yanasikika kila mahali, na tuliwaona mbega weusi wenye mikia myeupe wakiruka juu yetu. Tulikwenda polepole sana. Mtu mzima huchukua saa tatu au nne kufika Mandara. Sisi saa ya nne ilipita tukiwa bado tuko njiani. Ukungu ukashuka. Kitindamimba, aliyekuwa akisema tangu asubuhi bila kukoma, akanyamaza. Nilimpa senene, akakataa. Nikamwuliza kama kichwa kinauma, akasema hapana, lakini alikaa juu ya jiwe akakumbatia magoti yake.

Nikatazama saa. Ilikuwa saa 7 kasoro dakika tano. Kiongozi alisema Mandara iko mbele kidogo tu, dakika ishirini kwa mwendo wa kijana.

Kijana wangu akanishika mkono. "Tata, dakika ishirini tu. Mimi nitambeba."

Nakiri mbele yenu kwamba nilitaka kukubali. Mimi pia nilikuwa nimeweka akiba miezi 18, na mimi pia nilitaka kukiona kituo hicho nilichokifundisha miaka yote. Lakini dakika ishirini za kijana ni dakika hamsini za mtoto aliyechoka, na kurudi ni hivyo hivyo. Mama yao hakusema neno. Alifungua mkoba, akatoa daftari, akampa kijana asome mwenyewe. Akasoma. Akamwinua mdogo wake, akamtia mgongoni, akageuka kuelekea chini.

Hatukuwa tumeshuka nusu saa, kitindamimba akaomba chakula, kisha akaanza tena kusema. Mvua ilitukuta karibu na lango, tukiwa na makoti yetu, nuru ya mchana ikiwa bado ipo. Ndipo kijana akaniambia, "Kama tungeendelea, sasa hivi tungekuwa bado huko juu." Nilifurahi kwa maneno hayo kuliko kama tungefika.

Wakati wa kurudi, basi tulilopanda liliharibika kabla ya Singida, tukalala usiku ambao haukuwa katika hesabu. Lile fungu la dharura ndilo lililotulipia vyumba na chakula. Bila hilo sijui tungefanyaje na watoto watatu barabarani usiku.

Huenda mzazi atasema, "Mwalimu, Kilimanjaro ni mbali, na fedha hatuna." Ni kweli. Lakini utaratibu niliousema haufai Kilimanjaro tu. Mwaka 2019 mkoa wetu ulipata hifadhi mpya za taifa: Burigi-Chato, ambayo sehemu yake imo katika wilaya yetu hii ya Muleba, na Rumanyika-Karagwe katika vilima vya Karagwe, pamoja na Ibanda-Kyerwa. Huko pia kuna mteremko, jua, mvua na wanyama, na mtoto mdogo ni yule yule. Chagua majira, gawa fedha mafungu manne, zoeza miguu, na andika saa ya kugeuka ukiwa bado nyumbani, maana ukiwa njiani moyo hukudanganya.

Kijana wetu amekwisha anza daftari lake mwenyewe. Katika ukurasa wa kwanza ameandika mwaka ambao mdogo wake atatimiza miaka 10, na chini yake ameandika: watu watano.