Bei ya Mfarishi na Ujira wa Mkono

Mtu aliyezoea kununua blanketi la kiwandani, akitajiwa bei ya mfarishi uliodariziwa kwa mkono, aghalabu hushtuka na kudhani kwamba anataka kupunjwa. Na fundi naye, akiuona mshtuko ule, huingiwa na haya, akaishusha bei papo hapo hata isitoshe kurudisha gharama ya pamba na uzi. Wote wawili wamekosea mahali pamoja, kwa kuwa wameianza hesabu dukani, ilhali ilipasa kuanzia mkononi.

Mfarishi una tabaka tatu: uso, ambao mara nyingi ni vipande vilivyokatwa na kuungwa kimoja kimoja, pamba katikati, na bitana chini. Kinachozishika pamoja ni mashono madogo yanayopenya zote tatu, na fundi hodari huweza kupitisha mashono manane hata kumi katika inchi moja. Kwa hiyo urefu na upana pekee havitoshi kuijulisha thamani, maana mifarishi miwili ya kitanda kimoja yaweza kupitana mno kwa kazi, mmoja ukiwa umepigwa mistari michache iliyoachana, na wa pili umejazwa maua na majani tangu pindo hadi pindo. Huko Marekani wako mafundi wa mkono wanaolipwa kwa yadi za uzi uliotumika, kipimo ambacho kwa maoni yangu hakina mfano kwa wepesi na insafu, kwani palipo na mashono mengi ndipo uzi unapokwisha upesi. Bali wenye mashine kubwa hutoza kwa inchi ya mraba. Walakini uzi wa kudarizia hauipimi kazi ya kuunga uso, nayo yataka kuhesabiwa mbali, kwa saa.

Tuseme, kwa mfano tu, vitambaa, pamba na uzi vimegharimu shilingi 90,000, na kazi yote imechukua saa 200. Fundi akiuza kwa shilingi 150,000 atajiona amepata faida ya 60,000, kumbe amejiajiri kwa shilingi 300 kwa saa, ujira ambao angeona aibu kumpa msichana wa kumsaidia kukata vipande. Akiikadiria saa yake kuwa shilingi 1,500, ujira peke yake ni 300,000, na jumla ni 390,000, kabla hajatia sindano, taa ya usiku, wala faida ya biashara yenyewe. Wako wanaozidisha gharama ya vitambaa mara tatu na kuridhika. Lakini kitambaa rahisi hakipunguzi hata shono moja, na kwa kanuni hiyo mwenye kushona nguo kuukuu kwa ustadi mkubwa angelipwa kidogo kuliko wote.

Na nguo kuukuu ndizo zilizowapa sifa wanawake weusi wa Gee's Bend, kijiji cha jimbo la Alabama, Marekani, kilichozungukwa na mto pande tatu, waliounga mifarishi kwa mabaki ya nguo za kazi za shambani. Mwaka 1966 padre mmoja, Francis X. Walter, alinunua mifarishi ya huko kwa dola 10 kila mmoja ili iuzwe kwa mnada New York, na mwaka huohuo wanawake wa kijiji hicho na wa jirani zake wakaunda ushirika wao, Freedom Quilting Bee. Mwaka 1972 ushirika ulipata mkataba wa kushonea kampuni ya Sears foronya za kodroi, kazi iliyoleta mshahara wa kutegemewa, japokuwa ilidai kila foronya ifanane na mwenzake, na hapo hiari ya fundi haina soko. Kisha mwaka 2002 mifarishi ileile ya matambara ikatundikwa katika majumba ya makumbusho ya Houston na New York, thamani yake ikapanda kupita kiasi cha ujira wowote. Na mwaka 2007 baadhi ya washonaji wakaenda mahakamani wakidai kwamba hawakupewa haki yao. Mashauri yalikwisha kwa suluhu, lakini yalidhihirisha kwamba saa na uzi hupima kazi, wala havipimi jina. Jina likishapatikana, fundi hana budi kuandikiana mapema na mnunuzi nani atamiliki ruwaza na picha zake.

Kwetu, ambako mshonaji wa kofia za viua hutaabika miezi kadha wa kadha na bado huambiwa kwamba ya mashine ni rahisi, mtihani mkubwa zaidi ni jamaa. Shangazi akitaka mfarishi hawezi kutozwa kama mgeni, na sidhani kwamba yafaa. Ila hati ya mauzo iandikwe bei kamili, na chini yake punguzo, ili ijulikane kwamba kilichotolewa ni hidaya, na jirani atakayekuja kesho asiidai kuwa ni ada. Ama arubuni, isipungue gharama ya vitambaa vyote, na ipokewe kabla mkasi haujagusa kitu, maana mfarishi uliokatwa kwa kipimo cha kitanda cha mtu na kwa rangi alizozichagua yeye, ni shida kumpata mwingine wa kuununua.