Kundi, Jamaa, Jamii: Mfano wa Makambi ya Katanga

Kiswahili kina maneno mengi ya kutajia watu walio pamoja, wala maneno hayo hayalingani. Kundi ni neno la hesabu tu: kundi la ng'ombe, kundi la abiria. Jamii na jamaa yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya, ndio uliozaa pia Ijumaa. Lakini katika Kiswahili cha Katanga, jamaa ni watu wa nyumba moja: mume, mke na watoto. Kundi huwaje jamii? Jibu la haraka la wanaisimu ni lugha. Historia ya makambi ya wachimbaji hailikubali jibu hilo ila kwa nusu.

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Wafanyakazi wake walitoka Kasai, Rodezia ya Kaskazini na, baadaye, Ruanda-Urundi. Hapo mwanzo wengi waliandikwa kwa miezi michache, bila wake zao. Walilala kambini, wakapokea posho, wakarudi kwao. Hilo lilikuwa kundi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilipendelea mikataba ya miaka 3 na wafanyakazi wenye familia. Haikuwa huruma: kutafuta watu wapya kila mara kuligharimu mno. Hata hivyo watoto wakazaliwa kambini, na wafu wakazikwa karibu yake. Mzazi aliye mbali na ukoo huhitaji jirani wa kumpokea mtoto. Mfiwa huhitaji watu wa kukaa naye kilioni. Mbemba na Mluba iliwabidi wapatane nani alete kuni, nani apike, kilio kiishe siku gani. Kiswahili kilistawi ndani ya wajibu huo; sicho kilichouzaa.

Katika miaka ya 1950, huko Kolwezi, Padri Placide Tempels na wachimbaji Wakatoliki walianzisha chama cha sala kilichoitwa Jamaa. Waumini wake waliitana baba na mama pasipo kuuliza kabila. Neno la nyumba likawafunika watu wasio wa damu moja.

Lakini miaka ya 1992 na 1993, mkoa ulipoitwa Shaba, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu. Familia nzima zilikaa kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi zikingoja treni. Wengi walikuwa wazaliwa wa Katanga, na Kiswahili chao ni kile kile cha waliowafukuza. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Yafaa kuiangalia sarufi ya tusi hilo: watu wametolewa katika ngeli ya ba- wakatiwa katika ngeli ya bi-, pamoja na vitu na vijidudu. Kazi hiyo ilifanywa na lugha ile ile iliyowaita baba na mama.

Kilioni, michango ya majirani huandikwa daftarini, jina kwa jina, ili irudishwe siku ya msiba wa mwingine. Waliopanda treni waliondoka wakidai na wakidaiwa.