Rwanda: Mgeni anayekuja kuwatazama wazazi wakicheza na mtoto

Katika baadhi ya vijiji vya Rwanda, mgeni anayebisha hodi kwa familia maskini yenye mtoto mdogo hakuleta chakula wala dawa. Amekuja kuwatazama wazazi wakicheza na mtoto wao.

Mpango huo unaitwa Sugira Muryango, jina la Kinyarwanda linalohusu kuimarisha familia. Unazilenga kaya zinazopata msaada wa serikali kutokana na umaskini, zenye watoto wa umri wa kati ya miezi 6 na 36. Mhudumu aliyepewa mafunzo, naye mkazi wa eneo hilo hilo, huzitembelea kaya hizo kwa mada 12, zikiwemo lishe, usafi na namna ya kusuluhisha ugomvi kati ya mume na mke. Katika kila ziara, dakika 15 hutengwa kwa ajili ya mchezo.

Mhudumu hachezi kwa niaba ya mzazi. Huketi pembeni, akitazama na kushauri. Mtoto akiokota kizibo na kukigonga kwenye chupa, mama huhimizwa akitaje kitu hicho, asubiri mtoto aitikie, kisha amjibu. Majibizano hayo ndiyo yanayoukuza ubongo, hata kabla mtoto hajaanza kusema. Bei ya kichezeo haina uzito. Mpira wa majani makavu ya mgomba, unaojulikana sana vijijini, unatosha.

Ugumu uko zaidi kwa akina baba. Katika nyumba nyingi, kucheza na mtoto mdogo huhesabiwa kuwa kazi ya mama au ya dada zake, na mwanamume anayetambaa sakafuni huenda akachekwa na majirani. Kwa hiyo baba naye hutakiwa awepo wakati wa ziara.

Utafiti uliozihusisha familia 1,049 katika wilaya za Nyanza, Ngoma na Rubavu kuanzia 2018 ulionyesha kuwa akina baba waliofikiwa walishiriki zaidi katika malezi, na adhabu kali kwa watoto zikapungua.

Hata hivyo, mchezo haujazi tumbo. Takwimu za kitaifa za 2019-2020 zilionyesha kuwa asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Aidha, mama anayerejea kutoka shambani jioni hana muda wa ziada. Kwake, mchezo unaowezekana ni ule unaoingia ndani ya kazi iliyopo: kumwogesha mtoto, au kumenya viazi huku wakivihesabu pamoja.