Ligi ikisimama, biashara isisimame

LIGI za mpira zinapomalizika, mwezi Mei au Juni, wapenzi wa soka wa Tibirinzi mjini Chake Chake hukosa pa kwenda jioni. Uwanja wa Gombani hupungua shamrashamra, na mabanda ya kuoneshea mechi za Ulaya husubiri hadi Agosti. Shabiki hukosa burudani tu, lakini muuza urojo, muuza pweza, mwenye juisi ya miwa na kijana wa bodaboda hukosa mapato.

Cha kushangaza ni kwamba pengo hilo huangukia wakati ambao fedha huanza kuingia Pemba. Kuanzia Julai karafuu huchumwa, na mkulima hupeleka mzigo wake kwenye vituo vya ZSTC. Masika yamekwisha, kipupwe kimeingia na viwanja vimekauka. Mnunuzi yupo na fedha anayo. Kinachokosekana ni jambo la kuwakutanisha watu.

Klabu kubwa za Bara zimekwisha kulitambua hilo. Simba ilianzisha Simba Day mwaka 2009, ambayo kwa kawaida hufanyika mwezi Agosti kabla ya ligi kuanza, na Yanga ikafuata na Wiki ya Mwananchi mwaka 2019. Jijini Dar es Salaam, Ndondo Cup hujaza viwanja vya mitaani kwa timu ambazo hazimo hata ligi kuu.

Tibirinzi inaweza kuanza kwa kombe dogo la mitaa. Timu 8 zikicheza kwa mtoano, zinahitaji mechi 7 tu. Mechi moja kila Ijumaa ni wiki 7, yaani sehemu kubwa ya pengo imezibwa. Tuchukulie kila timu inatoa ada ya Sh 50,000. Zitapatikana Sh 400,000 za kununulia mpira na mbuzi wa zawadi, na kuwapoza waamuzi. Mbuzi huyo anunuliwe kwa mfugaji wa hapo hapo, ili fedha izunguke ndani.

Burudani nyingine ni mchezo wa ng'ombe, ambao ni urithi wa Pemba na hujulikana sana sehemu kama Pujini na Kengeja. Ng'ombe huchezwa kwa kamba na hauawi. Kwa siku ambazo hakuna mechi, mashindano ya bao, keram na dhumna barazani hayana gharama kubwa, na mwenye banda la mpira anaweza kuyaendesha huku akiuza chai na kahawa.

Hata hivyo, yapo ya kuzingatia. Karafuu haimsubiri mtu. Ikichanua mtini hushuka thamani. Mchana watu wako mikarafuuni na usiku wanachambua. Ndiyo maana mechi iwe mara moja kwa wiki, ianze saa 10 alasiri na kumalizika kabla ya Magharibi. Mechi za kila siku zitamla mkulima yule yule ambaye mfanyabiashara anamtegemea.

Pia kamari isipewe nafasi. Fedha ya karafuu inayopotea kwenye kubahatisha haifiki kwa muuza urojo wala kwenye ada ya shule ya mtoto.

Kwa mfanyabiashara, Ijumaa ya kwanza iwe ya kupima soko. Apike kidogo, aandike alichouza na kilichobaki, kisha aongeze wiki inayofuata. Urojo haulali, na hasara ya siku moja inaweza kula faida ya siku tatu.

Maandalizi yaanze Mei, ligi zikiwa bado zinachezwa: sheha aarifiwe, uwanja uombwe, timu zilipe ada, na wauzaji wakubaliane nani atakaa wapi na nani atafagia mchezo ukiisha. Anayengoja Julai atakuta wachezaji wako juu ya mikarafuu.