Njia Iongoze Macho Mpaka Mlangoni

Siku hizi vijana wa Wamaza hupiga picha za nchi yao kwa simu na kuwapelekea ndugu walioko Kindu, Bukavu na Lubumbashi. Mara nyingi yule aipokeaye picha husikitika: ameona majani na mawingu, lakini hakuona kwao. Sababu ni nini? Jicho limepewa uwanja mpana, halikupewa njia.

Barabara ya udongo itokayo Kasongo, safu ya michikichi, ukingo wa kijito, hata alama za magurudumu ya baiskeli baada ya mvua: vyote huanza kwa upana miguuni petu, huzidi kuwa vyembamba, mpaka pande zake mbili zaonekana kukutana mbali. Jicho hufuata bila kuamriwa. Mwitalia Leon Battista Alberti alieleza kanuni hiyo kwa maandishi mwaka 1435. Baadaye, yapata miaka 1495 hadi 1498, Leonardo da Vinci aliitumia alipochora Karamu ya Mwisho ukutani mwa chumba cha kulia cha watawa Wadominiko, mjini Milano. Wenye nakala ya picha hiyo nyumbani wafuate kwa kidole mistari ya dari na ya kuta: yote yaelekea kichwani pa Bwana wetu. Mitume wanashtuka na kuulizana huku na huku, lakini jicho hurudi kwake.

Basi, mpiga picha ajiulize kwanza: njia hii yafika wapi? Njia isiyofika popote humwacha mtazamaji porini. Na asogee hatua chache, mpaka mwisho wa njia ionekane nyumba ya wazazi, au kanisa, au mama arudiye na kuni. Njia ikianzia pembeni, chini ya picha, jicho huingia polepole kama mgeni apigaye hodi. Tena achague asubuhi au jioni, vivuli vinapoonyesha kila mfuo. Saa sita mchana ardhi yote huonekana sawasawa.

Jambo hili si mchezo tu. Vita vilivyoanza mwaka 1996, pamoja na kutafuta kazi, vimewatawanya watu wengi wa Kasongo na Kabambare. Wako watoto waliozaliwa mjini, wasiojua kwao ila kwa picha. Wapelekeeni njia inayofika mlangoni pa babu yao. Siku watakapokuja, miguu itafuata mahali ambapo macho yalikwisha kutangulia.