Injini Inapochemka: Ngoja Kabla ya Kufungua Rejeta

Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, jua la Uyui huwa kali. Gari lililojaa abiria na magunia kutoka Isikizya kwenda Tabora mjini huhitaji kupozwa vizuri. Mshale wa joto ukipanda, hatari kubwa kwa mwenye gari ni haraka ya kufungua rejeta.

Sababu ni hii. Tabora iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria huchemka huko yapata nyuzi 96 za Selsiasi, si 100. Injini nyingi hufanya kazi katika nyuzi zipatazo 90. Mfuniko wa rejeta huyaweka maji chini ya presha ili yasichemke hata yakipita kiwango hicho. Ukiufungua, presha hutoka ghafla, na maji hugeuka mvuke na kukurukia usoni.

Kwa hiyo, tunashauri hatua zifuatazo:

1. Egesha gari mahali tambarare, zima kiyoyozi, kisha zima injini.
2. Ngoja nusu saa au zaidi, hadi injini ipoe kabisa. Usisogeze mkono karibu na feni. Ile ya umeme huweza kuwaka yenyewe.
3. Tazama kwanza kiwango katika chupa ya akiba, bila kufungua kitu.
4. Funika mfuniko kwa kitambaa kizito, uulegeze kidogo, usikilize presha ikiisha, ndipo uufungue.
5. Ongeza maji polepole. Maji baridi katika injini ya moto huweza kuipasua.

Baada ya hapo, tafuta chanzo. Maji yakiwa pungufu na chini kuna matone, chunguza mipira ya maji na rejeta. Yakiwa yametimia, huenda tatizo ni feni, mkanda, pampu ya maji au thamostati. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, usiwashe gari tena. Maji yameingia kwenye oili, na hiyo ni kazi ya fundi.

Wapo wanaoshauri thamostati iondolewe kwa kuwa nchi yetu ni ya joto. Usikubali. Bila kifaa hicho injini huchelewa kufikia joto lake, hutumia mafuta mengi na huchakaa mapema, na ubovu wa awali hubaki palepale.

Unaponunua kipozeo cha rejeta, chagua chombo kilichofungwa, chenye lebo na jina la mtengenezaji. Usikihifadhi katika chupa ya soda: vipozeo vingi ni sumu yenye ladha tamu, na mtoto anaweza kukinywa.

Mlaji, mwombe fundi akuoneshe kifaa kilichotolewa, na udai risiti inayokitaja kifaa kipya. Ukiuziwa kibovu au bandia, risiti hiyo ndiyo ushahidi wako.